Kukaa na Wenye Hasira

Mtu akiniuliza nafanya kazi gani, humwambia kwamba nakaa na watu wenye hasira. Wengi hucheka wakidhani natania. Ofisi yetu ni vyumba viwili vya kupanga huko Kamunyonge, mjini Musoma. Jirani yetu wa ukuta mmoja ni fundi wa kuchomelea mageti, kwa hiyo mchana kutwa tunapaza sauti hata kwa mambo yanayotaka kunong'onwa. Tuko wawili. Mwenzangu ni nesi mstaafu, mama wa miaka sitini na kitu, mnene, asiyependa maneno mengi. Yeye hukaa na walioumizwa: huwapeleka polisi kuchukua fomu, huwasindikiza hospitali, hukaa nao kwenye benchi la mahakama. Mimi hukaa na ndugu zao, maana kwetu Mara mtu mmoja akikatwa wanaumia wengi, na siku ya pili au ya tatu kuna mahali mtu anaanza kunoa panga. Hakuna aliyetugawia kazi hivyo. Ilitokea tu, ikabaki.

Kisa hiki kilianza Jumatatu moja ya masika. Nesi wa wodi ya upasuaji alimpigia mwenzangu simu saa tatu asubuhi. Kuna mwanamke ameletwa kwa boti kutoka kisiwa cha Rukuba, alisema, amekatwa panga mkono wa kulia, na hakuna ndugu aliyekuja naye. Tulikwenda wote wawili.

Tulimkuta amekaa kitandani, amekataa kulala. Alikuwa wa miaka thelathini hivi, mrefu, nusu ya nywele zimesukwa na nusu zimefumuka. Mkono ulikuwa umefungwa bandeji kuanzia vidoleni hadi kwenye kiwiko. Shingoni alikuwa bado na magamba madogo ya dagaa, yamemkaukia. Kabla hatujajitambulisha akatuuliza:

"Nyie mmetoka Rukuba?"

"Hapana, binti yangu," mwenzangu akajibu. "Tunatoka hapa hapa mjini."

"Nilikuwa nimeanika. Kama mvua imenyesha na hakuna aliyeanua, zimeoza zote."

Mwenzangu alivuta kiti akakaa. Hakusema pole. Aliuliza dagaa zilikuwa ndoo ngapi, zilianikwa mchangani au juu ya chanja, na mwenye boti alikuwa nani. Wakaongea dagaa karibu nusu saa. Nilishamwona akifanya hivyo mara nyingi, humfuata mtu pale alipo, hata kama ni mbali na jeraha. Mwishowe yule dada alijilaza mwenyewe, akafumba macho, akaanza kueleza.

Alikuwa ameishi kisiwani miaka minne na mwanamume mmoja, mwendesha injini wa boti ya dagaa. Mwanamume anavua, yeye anaanika, na kinachopatikana kinapita mkononi mwa mwanamume. Mwaka huo alikubaliana na wanawake wenzake watatu wawe na eneo lao la kuanikia, wachukue dagaa kwa mwenye boti mwingine. Hakumwambia bwana wake mpaka mambo yalipokuwa tayari. Jumapili, baada ya ibada, alimwambia. Walibishana. Yeye ndiye aliyemtukana, hilo hakulificha, alimwambia maneno ambayo hata kitandani pale hakutaka kuyarudia. Mwanamume akachukua panga la kuchanjia kuni. Yeye akainua mkono kukinga kichwa. Wanawake waliokuwa mwaloni, pale boti zinaposhusha dagaa, walikuja na mafagio na masufuria wakipiga kelele, na mwanamume akakimbilia mtumbwi akavuka kwenda bara. Tangu hapo hakuna aliyemwona.

Daktari alituambia kano za vidole zimekatika, ameziunga, lakini hana hakika kama vidole vitakunjika tena. Mwenzangu alikwenda polisi na kurudi na askari wa kike wa dawati la jinsia, maelezo yakaandikwa pale pale wodini. Yule dada aliweka dole gumba la kushoto chini ya karatasi. Kisha akaomba simu, akawapigia nyumbani kwao, kijiji kimoja cha Butiama.

Hapo ndipo zamu yangu ilipoanza.

Kaka zake walifika kesho yake, watatu, kwa pikipiki mbili. Wawili wadogo walikuwa wanaongea kwa kelele kiasi kwamba mlinzi wa geti aliwazuia. Hao hawakunitisha. Mkubwa alikuwa mtu wa miaka arobaini, mfugaji na mkulima wa mihogo, mwimba besi katika kwaya ya kanisa lao. Aliingia, akamtazama dada yake, akamshika bega la kushoto, akatoka nje bila neno. Nikamfuata. Nilijitambulisha, nikamwomba twende tukanywe chai kwenye mgahawa ng'ambo ya barabara. Alikubali kwa heshima.

"Mzee wangu," akaniambia tulipokaa, ingawa tumepishana kama miaka kumi na mbili tu, "asante kwa msaada mliompa mdogo wangu. Sasa naomba unisaidie kitu kimoja. Huyo mtu yuko wapi?"

"Sijui."

"Ukijua utaniambia?"

"Nikijua nitawaambia polisi."

Akakoroga chai yake kwa muda mrefu. "Umenijibu vizuri," akasema. "Hujanidanganya." Akanywa chai yote, akaondoka. Niliporudi ofisini nilimwambia mwenzangu kwamba yule atakwenda kuua. Aliniuliza amesema nini. Nikamwambia hajasema kitu, ndiyo maana.

Siku iliyofuata, Jumatano, saa nne, simu ya ofisi iliita. Alikuwa mwanamke, anaongea chini chini. Alisema ni dada wa mwanamume anayetafutwa. Namba yetu aliipata kwa mtu wa kanisani.

"Yuko huku kwetu, Guta, kwa mjomba," akasema. "Amekaa tu shambani, hata kula hali. Nikipiga polisi mimi itajulikana, nitaonekana nimemuuza mtu wa tumbo moja. Lakini ndugu za huyo dada wakifika hapa kabla ya polisi watatumaliza. Sisi hapa tuna watoto. Fanya kitu, baba."

Nilimwahidi jina lake halitatajwa. Nilikwenda polisi mwenyewe kwa miguu, nikaeleza kwamba mtu yuko Guta, bila kusema nimeambiwa na nani. Waliwasiliana na wenzao wa Bunda. Jibu lilikuwa kwamba gari liko kwenye tukio jingine, watamfuata kesho asubuhi. Si jibu baya. Nimewahi kupewa mabaya zaidi.

Sasa inakuja sehemu ambayo haimo katika taarifa yoyote niliyoiandika kuhusu kisa hiki. Mchana ule nilipita hospitali, na nikiwa kwenye baraza ya wodi nilimpigia mwenzangu simu. Kwa sababu ya fundi wa mageti, tumezoea kupaza sauti. Nikasema, "Yuko Guta kwa mjomba wake. Kesho asubuhi wanamchukua." Nikakata, nikageuka. Kaka wa pili alikuwa amesimama nyuma yangu, ameshika chupa ya uji wa dada yake. Tulitazamana. Aliiweka ile chupa kwenye sakafu, taratibu, kama kitu cha mtu mwingine, akaelekea getini. Nilimwita. Hakugeuka.

Halafu niliokota uji, nikampelekea yule dada, nikamwambia nimefanya kosa, na nikamwambia kosa lenyewe. Alinywa uji kwa mkono wa kushoto, akimwagia shuka.

"Kaka mkubwa hawezi kuzuiwa na mtu," akasema. "Labda mama."

Nilipanda bodaboda kwenda Butiama. Nilifika saa kumi alasiri. Boma lao lilikuwa na nyumba tatu za bati na zizi, na uani mama yao alikuwa amekaa kwenye mkeka anamenya mihogo. Alikuwa bibi wa miaka sabini, mwembamba, mgongo umepinda kidogo. Alinipa mkono, akaniuliza habari za mgonjwa, akaniita mwanangu. Wanawe watatu walikuwa upande wa zizi. Hawakushangaa kuniona. Kaka mkubwa aliniletea kigoda.

Niliwaambia polisi wanakwenda asubuhi. Kaka wa pili akacheka, akasema wao watatoka alfajiri na kuwatangulia. Mkubwa hakucheka. Akasema, "Polisi watamchukua, atalala ndani wiki mbili, atatoka kwa dhamana, atarudi kisiwani kuendesha injini. Mdogo wangu atakuwa na mkono wa mti. Wewe unasema tungoje nini?"

Basi nikawaeleza jambo langu. Huwa silielezi hovyo, nalitunza kwa siku kama ile. Nilipokuwa na miaka ishirini na mbili, kaka yangu mkubwa aliuawa kwa ajili ya ng'ombe. Tulikusanyika vijana kumi na wawili, tukatembea mpaka kwa watu tuliowadhania. Walikuwa wameshakimbia. Ndani kulikuwa na bibi mmoja kipofu aliyeachwa. Wenzangu waliamua nyumba ichomwe. Mimi niliingia nikambeba yule bibi nikamweka chini ya mchongoma, ndipo tukachoma. Alipousikia moto alinishika mkono akanishukuru. Alidhani moto umetokea kwingine na mimi nimepita njiani nikamwokoa. Aliniombea baraka, mimi na watoto nitakaowazaa, na mimi nilikuwa nimeshika kiberiti.

Ng'ombe mmoja alikuwa anajikuna kwenye nguzo ya zizi.

"Pole," kaka mkubwa akasema. Alimaanisha. "Lakini sasa umeniambia nini, mzee wangu? Wewe ulikwenda. Ukarudi. Una familia, una ofisi, unalala. Na sisi tuache twende, tutarudi, tutalala."

Kwa miaka mingi nilidhani kisa kile ndicho kitu kizito nilichonacho, na mtu akisikiliza hadi mwisho lazima kimguse. Kilimgusa, ila hakikumgeuza. Nilipoinua macho niliona mama yao ameacha kumenya. Alikuwa anatutazama, kisu kimetulia mkononi. Aliniuliza tu kama nitalala pale, kwa sababu mvua inakuja na barabara itakuwa tope. Nikasema nitalala. Akaongeza mihogo sufuriani.

Alfajiri, kumepambazuka vya kutosha kuona uso wa mtu, walitoa pikipiki zao. Mapanga waliyafunga kwenye kiroba kimoja, wakakiweka nyuma ya pikipiki ya kaka wa pili. Mimi nilikuwa nimeshampigia bodaboda mmoja wa kijijini anifuate. Sikuwa na mpango. Nilitaka niwepo tu.

Mama yao akatoka ndani. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani, kitambaa cheupe kichwani, viatu vya plastiki, na mkoba begani.

"Mama, unaenda wapi?" kaka mkubwa akauliza.

"Guta."

"Kufanya nini?"

"Nyie mnaenda kufanya nini?"

Kaka wa pili akakaza kamba ya kiroba.

"Mnaenda kuua mtu," akasema, kwa sauti ile ile ambayo jana aliniuliza kama nitalala. "Sasa huko kwao wakiuliza hawa ni watoto wa nani, nani atajibu? Nimewazaa mimi. Nitajibu mimi. Nisaidie kupanda."

"Mama, hii maneno si ya wanawake."

"Aliyekatwa ni mwanamke. Nisaidie kupanda, mura, kijana wangu, mgongo unaniuma."

Walibishana naye kwa Kizanaki kwa muda, haraka haraka, yote sikuyashika. Yeye hakubishana. Alikuwa ameshika bega la mwanawe mkubwa na mguu mmoja ameshauweka kwenye kikanyagio. Mtu wa miaka arobaini, mwenye watoto wanaosoma sekondari, hawezi kumsukuma mama yake achie pikipiki mbele ya wake zake na majirani. Akampandisha.

Safari ya Guta kutoka pale haichukui muda mrefu kwa pikipiki. Sisi ilituchukua zaidi ya saa tatu. Mama hakuweza kukimbizwa kwa sababu ya mgongo. Kila penye shimo alilia, "Polepole!" Tulipofika Kiabakari, mama akataka chai. Akakaa kwenye benchi la mgahawa, akachovya andazi, akasalimiana na mama muuzaji, wakagundua wana shangazi mmoja. Kaka wa pili alikuwa anazunguka pikipiki yake kama mtu aliyepoteza kitu. Nilijaribu kuwapigia polisi wa Bunda, nikaambiwa gari linajiandaa kutoka. Mjini Bunda mama akataka kujisaidia, kisha akataka kumnunulia mgonjwa sabuni. Hata mara moja hakuwaambia wasiende. Wala hakusema neno la Mungu, na hilo lilinishangaza, maana nilizoea kuona watu wakilikimbilia hilo kwanza. Nilimuuliza tukiwa dukani kama anafanya makusudi. Akanitazama kana kwamba sina adabu. "Mgongo unaniuma kweli," akasema.

Nyumba ya yule mjomba ilikuwa pembeni ya shamba la mpunga. Tulipoingia uani, mwanamke mmoja aliyekuwa anafua aliinuka na mikono ina povu. Nilijua ni yeye aliyenipigia simu, kwa jinsi alivyonitazama halafu akaacha kunitazama. Mjomba alitoka ndani, mzee, hana shati. Na kando ya nyumba, kwenye gogo, alikuwa amekaa mwanamume mmoja mfupi, ndevu hazijanyolewa, jembe limelala miguuni pake. Hakukimbia. Alisimama tu, kama mtu aliyeitwa jina lake darasani.

Kaka wa pili akaanza kufungua kiroba.

"Hodi hapa," mama akasema, akiwa bado juu ya pikipiki. Kisha akateremka, kwa shida, akishikilia bega la mwanawe. "Hodi wenyewe."

Mjomba ndiye aliyejibu, na sauti ilimtoka kwa kukwaruza: "Karibu, mama."

"Naomba pa kukaa. Na maji ya kunywa, nimetoka mbali."

Yule mwanamke aliyekuwa anafua alikimbia ndani akaleta kigoda na kikombe cha maji. Mama alikaa, akapokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa. Mtu wa kwetu anajua maana yake. Ukishakunywa maji ya nyumba ya mtu, mikono yako imefungwa, angalau mpaka utoke. Alikunywa nusu. Nusu iliyobaki akamnyooshea mwanawe mkubwa.

Kaka mkubwa alikipokea kikombe. Asingeweza kumwachia mama yake mkono hewani. Lakini hakunywa. Alisimama katikati ya ua, kikombe mkononi, maji yakitikisika kidogo. Kaka wa pili alikuwa amesimama na kiroba nusu kimefunguliwa, akimtazama mkubwa wake ajue la kufanya, na mkubwa wake alikuwa anakitazama kikombe.

Mama akamgeukia yule mwanamume.

"Wewe ndiye?"

"Ndiyo, mama."

"Ulikata mkono upi?"

"Wa kulia."

Akatikisa kichwa, polepole. "Kwa huo alikuwaga ananisukia nywele," akasema.

Yule mwanamume alikaa chini, kwenye udongo, si kwenye gogo. Mimi nilikuwa nimesimama kati yake na kaka zake, mahali ambapo kazi yangu inataka nisimame, na kwa kweli hakuna aliyenihitaji pale. Nilikuwa naangalia saa. Gari la polisi lilifika baada ya dakika ishirini, labda na zaidi. Muda wote huo kaka mkubwa hakusogea. Askari walipomfunga yule mwanamume pingu na kumpandisha, ndipo alipomwaga maji yale chini, akakirudisha kikombe kwa mwenye nyumba kwa mkono wa kulia, kwa adabu, akaenda kuwasha pikipiki.

Hakuongea na mama yake wiki tano. Nilijua kwa sababu yeye mwenyewe aliniambia, alipokuja hospitali. "Amenifanya nisimame pale kama nguzo," akasema. Nikamuuliza kama angetamani asingekwenda naye. Akasema ndiyo. Wiki ya sita akampeleka Musoma mwenyewe, kwa pikipiki, polepole, amwone mwanawe.

Kesi iliendelea miezi minane. Katikati, wazee wa pande zote mbili walikaa, wakapendekeza mambo yamalizwe kwa ng'ombe na yule dada aondoe mashtaka. Kaka zake, hata mkubwa, walielekea kukubali. Walimletea habari ofisini kwetu, mbele ya mwenzangu.

"Hao ng'ombe watalala zizi la nani?" dada yao akauliza.

"La nyumbani," kaka mkubwa akasema.

"Na mkono ni wa nani?"

Wakaondoka. Ng'ombe hawakuletwa.

Siku yule dada alipotoa ushahidi, mwenzangu alikaa benchi la mbele ili wapate kuonana. Mshtakiwa hakuwa na wakili, kwa hiyo alimhoji shahidi mwenyewe. Alisimama kizimbani, amepungua, akauliza, "Je, ni kweli au si kweli kwamba siku ile ulinitukana?"

Niliona mwendesha mashtaka akijiandaa kuinuka. Yule dada hakumngoja.

"Ni kweli. Nilikutukana," akasema. "Na wewe ukanikata."

Hakimu aliandika. Mshtakiwa akasema hana swali jingine. Alihukumiwa kifungo cha miaka saba. Sikuona mtu aliyefurahi siku ile. Mama wa Butiama alikuwa amesinzia, maana walitoka nyumbani mapema mno.

Vidole viwili vilirudi, cha shahada na dole gumba. Vingine vilibaki vimenyooka. Mwenzangu alimfanyisha mazoezi ofisini kwetu kila Alhamisi, akimpa donge la unga wa ngano alifinye mpaka achoke, huku fundi wa mageti akigonga upande wa pili. Mwezi wa kumi tangu akatwe, alituaga. Anarudi Rukuba, akasema, wenzake watatu wamemtunzia nafasi.

Nilimpinga. Nilimwambia kisiwani kuna rafiki za yule mwanamume, kituo cha polisi ni mbali, boti ni za kubahatisha. Nilimshauri akae mjini, tumtafutie kazi ya mgahawa.

"Kaka," akaniambia, "mgahawani nitabeba sahani kwa mkono gani? Kule najua kazi. Kule nikipiga kelele wale wanawake wanakuja. Walikuja."

Mwenzangu alinikanyaga mguu chini ya meza. Tulimsindikiza mwaloni Mwigobero saa nne asubuhi, jua kali, akapanda boti iliyojaa vitunguu na magunia ya chumvi, akakaa juu ya gunia, mkono wa kulia ameuweka mapajani. Hakupunga.

Yule dada wa Guta ndiye tuliyemsahau. Ilijulikana kuwa ni yeye aliyepiga simu. Sijui ilijulikanaje, sikumtaja popote, lakini siku ile uani alinitazama, na watu huona. Mjomba wake alimwambia afungashe. Alikuja ofisini kwetu akiwa na watoto wawili na ndoo ya nguo, na safari hii sikuwa na ndugu wa kukaa nao, kwa kuwa ndugu ndio waliomfukuza. Mwenzangu alimkalisha, akamuuliza habari za mpunga. Tulimsaidia akapata chumba mjini Bunda, na sasa anauza nguo za mitumba sokoni. Mwezi uliopita mwanamke wa Rukuba alipiga simu akamwomba mwenzangu namba ya dada huyo. Mwenzangu alimuuliza kwanza mwenyewe kama anakubali, akakubali, akampa. Waliongea. Mwenzangu anasema waliongea muda mrefu. Wameongea nini sijui, na sikuuliza.